Shingo ya Lauvao

Kwanza bahari ilinyamaza. Ndivyo mume wangu alivyonieleza baadaye, akiwa amelazwa mkekani na mimi nampepea kwa hasira. Sisi watu wa Utumoa hatuisikii bahari, maana haijapata kunyamaza. Inapiga chini ya mwamba mweusi, inatafuta tundu, inaruka juu na kuvuma, tangu tuzaliwe mpaka tuzikwe. Siku ile mume wangu Lauvao amesimama uwanjani na fimbo yake, akaisikia kelele ile ikienda mbali pole pole, kama ngoma inayohamia kijiji cha pili. Halafu minazi ikawa myeupe. Nyuso za wageni nazo zikawa nyeupe, zikaanza kuelea. Akaona raha, alisema, raha ambayo hajapata kuionja hata siku ya harusi yetu, na katikati ya raha hiyo akapiga mwayo. Kilichofuata hakukiona, tulikiona sisi. Alianguka mbele ya vijiji viwili.

Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, na kilichonichoma zaidi ni ule mwayo. Kuanguka ni ajali. Lakini kupiga mwayo wakati msemaji mwenzako anausifu ukoo wako, na wageni wanatazama, ni tusi, na tusi la mwayo halina namna ya kuliombea radhi.

Kwetu kisiwani Savai'i mkuu hajisemei. Ana msemaji wake, na mume wangu alikuwa msemaji, mshika fimbo na usinga, kama baba yake mdogo aliyemwachia jina la Lauvao. Jina alilobatizwa ni Pesamino, ila hilo nilikuwa nalitumia mimi tu, tena nikimtaka anipandishie maji. Wageni wakija, wasemaji wote wa kijiji husimama uwanjani, na kabla ya hotuba hushindana kwanza ni nani aitoe. Mashindano hayo tunayaita fa'atau. Huyu anaidai, yule anamsifu na kumnyima, wa tatu anawasifu wote wawili na kuitaka yeye. Asiyegombania anaonekana hana moyo, na asiyegombewa anaonekana hana thamani. Kwa hiyo kadiri unavyoheshimiwa ndivyo unavyosimamishwa. Siku ile Lauvao alikuwa ndiyo kwanza ameambiwa kwamba anaumwa, na wenzake walitaka kumwonyesha wanavyomthamini. Wakamgombea na kumgombea juani. Adabu yao ndiyo iliyomwangusha.

Nisiseme uongo, mimi sikuolewa na uso. Pesamino alikuwa na masikio ya popo na miguu mifupi. Niliolewa na sauti. Alikuwa akipalilia magimbi ya baba yake mdogo kule juu kwenye udongo mwekundu, nami napita na mzigo wa kuni, nikasikia mtu anawakaribisha wageni wa heshima kwa majina yao yote, na ukoo wao, na visima vyao, na kilima walichotokea. Nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Alikuwa anayahutubia magimbi. Baba yangu aliposikia nani anakuja kuposa, alinitazama kwa huruma akasema, mwanangu, wewe utakula maneno. Nikayala, na yakanishibisha. Msemaji akisema vizuri hupewa mikeka laini ya heshima, na nguruwe, na ile nyama ya chumvi inayokuja kwa pipa kutoka ng'ambo. Nyumba yetu haikukosa nyama ya chumvi. Hapo ndipo shida ilipoota.

Wifi yangu Melipa ndiye aliyeiona. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi wa wilaya, mwanamke mrefu anayetembea kama anayepima barabara. Kila mwezi alikuja kwenye nyumba ya kamati ya wanawake kupima watoto na kutukemea kuhusu mashimo ya taka. Mwezi mmoja akaja na mashine mpya ya presha, ile yenye zebaki ndani ya mrija wa kioo, nasi tukaiogopa. Ili atutoe woga akamwita kaka yake aliyekuwa anapita njiani, akamfunga kitambaa mkononi, akaanza kupuliza. Lauvao akafanya mzaha, akawaambia wanawake kwamba sasa wataona damu ya msemaji inavyopanda milima. Tukacheka. Zebaki ikapanda, ikapanda, na Melipa akaacha kucheka kabla yetu.

Akampa vidonge vidogo vyeupe, viwili kwa siku, daktari wa mjini Apia ndiye aliyeviagiza. Akamkataza nyama ya chumvi, jambo lililonihuzunisha mimi kuliko yeye.

Vidonge vile vilimpeleka mume wangu mahali pengine. Alasiri alikuwa akilala kwenye upepo wa bahari, akiamka ananisimulia alikotoka. Alikuwa anatembea chini ya maji, akasema, maji ya uvuguvugu, na baba zake wadogo wote waliokufa wameketi mduara kwenye mchanga na bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, katikati. Wanasema, lakini hakuna sauti. Midomo inacheza, mikono inaonyesha, samaki wadogo wanapita katikati ya maneno yao. Nikamuuliza wanasema nini. Akasema hajui, ila anaelewa. Nikamwambia hiyo ni shibe. Lakini moyoni nilizipenda zile ndoto. Kwa miaka yote nilikuwa namsikia mume wangu akiwasemea watu wengine, sasa alikuwa ananiambia mimi peke yangu mambo yasiyo na faida kwa mtu yeyote. Nilikuwa naacha kazi zangu, nakaa karibu yake na ufumaji wangu, nangoja afumbue macho.

Kilichomkera ni mdomo. Dawa ilimkausha. Ulimi uling'ang'ania kaakaa, na msemaji mwenye ulimi mkavu ni sawa na mvuvi mwenye ndoana ya nta. Halafu ndipo akaanguka uwanjani.

Kijiji kikaanza. Nyumba zetu hazina kuta, nguzo na paa basi, kwa hiyo umbea hauhitaji kubisha hodi. Wakasema wazee waliokufa wamemwangusha kwa sababu mwaka jana aliruka jina la babu mmoja kwenye hotuba ya mazishi. Wakasema ule mwayo haukuwa wake, kuna kitu kilimfungua kinywa kitoke. Wakaleta majani ya kumkanda, na mafuta, na bibi mmoja aliyemtemea mate utosini. Na Fuimaga akaja kumjulia hali.

Fuimaga naye ni msemaji, mtu mkubwa mwenye tumbo la heshima na sauti ya kengele ya kanisa. Watu wa ukoo wake na wa mume wangu wameshindania uwanja wa Utumoa tangu zamani za mababu, na mara zote uwanja ulibaki kwetu. Alikaa, akanywa kakao yangu, akamsifu mgonjwa, akaisifu mikeka yangu, kisha akasema kwa upole kwamba kanisa jipya linafunguliwa karibuni, wilaya nzima itakuja, na itakuwa vyema ndugu yake apumzike. Yeye yuko tayari kuubeba mzigo huo. Mara hii moja tu.

Hakuna mara moja tu katika mambo hayo. Uwanja ukishasemewa na ukoo mwingine mbele ya wilaya nzima, wajukuu wako wataambiwa kwamba babu yao aliuachia. Lauvao alilijua hilo. Alitabasamu, akamshukuru Fuimaga kwa majina yake yote, na alipoondoka akageukia ukuta. Nasema ukuta kwa mazoea ya kusema, kwani kulikuwa na bahari tu.

Baada ya siku hizo akaanza kuchangamka. Hakulala tena alasiri. Uso ukapata rangi, macho yakang'aa, alikuwa anakwenda na kurudi akijisomea majina ya wageni. Nilipomuuliza ndoto, alisema hana. Nikafurahi, na papo hapo nikapata upweke. Nikajiambia dawa sasa imemkubali.

Wakati huo huo kuna kitoto cha nguruwe jikoni kwangu kikaanza kuwa na tabia za ajabu. Alikuwa mkorofi, mwizi wa shelisheli, hakai mahali. Sasa akawa analala mchana kutwa chini ya mti na tabasamu usoni. Ukimwita, anainuka, anapiga hatua, miguu ya mbele inapinda, anaanguka kwa pua. Anakaa chini na kutafakari. Nilimtazama siku nzima huku napara nazi, na mkono ukaacha kupara. Nilikuwa nimeshaona mtu akianguka hivyo hivyo.

Nilimfuata mume wangu, sikumzunguka. Nikamuuliza vidonge anampa nguruwe tangu lini.

"Tangu Fuimaga anywe kakao yako," akasema.

"Na wewe unajisikiaje?"

"Moyo wangu umeamka. Shika hapa uone. Unapiga kama kijana."

Nilimshika kifuani. Haukuwa unapiga kama kijana, ulikuwa unapiga kama mtu anayefukuzwa. Shingo ilikuwa imetoka jasho, na alipodhani simwoni alikuwa akiminya kichwa kwa vidole. Nilimtukana kwa jina lake la ubatizo. Sikio la kufa halisikii dawa, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeolewa na sikio hilo. Nikachukua khanga yangu nikaenda barabarani kumtafuta wifi.

Kwetu dada ni agano. Kaka anaweza kumkatalia mkewe, mchungaji, hata mkuu wake, lakini dada yake akiingia na kuketi mbele ya nyumba, mahali pake, kaka anaketi nyuma na kuinamisha kichwa. Melipa aliingia bila kuvua kofia yake ya uuguzi. Alimpima. Safari hii sikuitazama zebaki, nilimtazama yeye, na uso wake ukanitosha. Aliikunja mashine taratibu, akamuuliza kaka yake swali ambalo sikulitegemea.

"Mkuu akitaka kuongea na wageni, anaongea mwenyewe?"

"Haongei. Naongea mimi."

"Basi na mishipa ya fahamu ni hivyo hivyo. Mmoja hamgusi mwenziwe. Kati yao kuna uwanja mdogo. Mshipa ukiwa na neno, unamtoa msemaji wake: tone la kemikali. Linavuka, linasema upande wa pili, linarudi nyumbani."

Lauvao aliinua kichwa. Alikuwa anaumwa, lakini hapo alikuwa amesikia habari ya ukoo wake. "Wanaanza na fa'atau?"

"Hawana muda huo. Wewe ukisimama, damu inateremka miguuni. Mshipa mkubwa wa damu wa hapa shingoni unahisi kwamba umelegea, unapeleka habari huku nyuma." Akajishika kisogoni, pale kichwa kinapokaa juu ya shingo. "Hapa ndani pana shina la ubongo. Halikuulizi, halikungoji. Kabla hujamaliza kuvuta pumzi jibu limeshatoka: mishipa ijibane, moyo ukaze mwendo. Ndiyo maana watu wanasimama na hawaanguki."

"Na mimi?"

"Wewe huko ndani makelele yalizidi. Bana, bana, kaza, kaza, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Kidonge kinaingia, kinakaa kwenye kiti cha msemaji mmoja, kinasema yatosha. Wanatulia. Presha inashuka, unaota ndoto zako, mate nayo yanakauka, ujue hilo. Ila ukisimama juani muda mrefu, jibu linachelewa kutoka. Wamezubaa. Hapo ndipo ulipoanguka."

Nje, watu wawili waliokuwa wanapita walikuwa wameacha kupita. Kulikuwa na mwingine anachagua mawe ambayo hayakuhitaji kuchaguliwa.

"Hakuna babu aliyekuangusha wala aliyekufungua kinywa," Melipa akaendelea, kwa sauti ya kuwafikia wa nje pia. "Mwayo ni ubongo unaokosa damu. Na hicho unachokisikia kifuani leo si nguvu. Umemfukuza mgeni, yaani kidonge, ghafla, sasa wote wanapiga kelele kwa pamoja. Ukiwaacha hivyo, mshipa utapasuka kichwani ukiwa katikati ya majina ya watu."

"Kuna kidonge cha kumwezesha mtu kusimama?"

"Kwenye sanduku langu hakipo. Daktari anakuja baada ya sherehe." Akamfundisha alichokuwa nacho: anywe maji mengi kabla, ainuke kwa vituo, akisimama akunje vidole vya miguu na kukaza mapaja ili damu isukumwe juu. "Na ukisikia mwayo unakuja, keti."

"Msemaji haketi uwanjani, dada."

"Basi atalazwa."

Akamwekea kidonge kiganjani, na dafu. Lauvao alikitazama muda mrefu. Nilijua anachokitazama. Akikimeza, atakuwa na kichwa kizima na miguu ya kuazima, na fa'atau ya wilaya nzima haimalizwi na miguu ya kuazima. Akiketi, amemwachia Fuimaga uwanja, yeye na wajukuu wetu. Asipokimeza, atasimama imara kama mwamba mpaka dakika atakayokufa. Nilitamani kumwomba, lakini kinywa changu nacho kilikuwa kikavu, na mimi sikuwa na dawa ya kusingizia. Akameza. Alasiri ile alilala tena, nami nikaketi karibu yake. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Siku ya kufungua kanisa ilianza kwa mvua nyepesi, kisha jua likatoka juu ya nyasi zilizolowa na kila kitu kikafuka mvuke. Kanisa jipya lilikuwa jeupe mno hata huwezi kulitazama. Nyumba zote zinazozunguka uwanja zilijaa wageni, mavazi meupe, kofia nyeupe, feni za mkono zinapepea kwa pamoja. Palikuwa na harufu ya nguruwe wa tanuri la mawe na ya maua. Nilihisi kama nimeingia kwenye mojawapo ya ndoto za mume wangu, maana watu walikuwa wengi na hakuna aliyepaza sauti.

Wasemaji wetu wakatoka wakasimama mstari mmoja. Lauvao alitoka wa mwisho, polepole, kifua wazi, chale zake za mapajani zinaonekana chini ya shuka. Alikuwa amekunywa maji mpaka tumbo linasikika. Fimbo mbele, usinga begani. Nikaona vidole vyake vya miguu vinajikunja kwenye nyasi.

Fa'atau ikaanza. Wadogo walidai na kuachia mapema, kama inavyopasa. Wakabaki Lauvao na Fuimaga. Fuimaga akaikunjua sauti yake ile ya kengele. Alimsifu mume wangu, akamsifu baba yake mdogo, akausifu mlima wanakotoka, akasema nani aliye na macho atamnyang'anya Lauvao uwanja wake, na hapo hapo akauomba. Mume wangu akajibu kwa maneno machache mazuri. Fuimaga akarudi tena, akaanza na mababu wa upande wa pili. Mpaka leo sijui kama alirefusha kwa heshima au kwa hila. Kwa Fuimaga mambo hayo mawili hulala mkeka mmoja.

Jua lilipanda. Chale za mapajani zilikuwa zinacheza, anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza. Nikajikuta nami nakaza mapaja pale nilipokaa, kama vile damu yangu ingeweza kumfaa. Midomo yake ikapoteza rangi. Melipa pembeni yangu alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Ndipo nikaona taya la mume wangu linaanza kushuka, taratibu, mwayo unakuja.

Akaketi.

Hakuanguka. Aliteremka kwa fimbo yake, akakunja miguu kwenye nyasi zilizolowa, akaweka fimbo mapajani. Feni zote zikasimama. Nikafumba macho, kwa sababu kila mtu pale alijua maana yake, na mimi ndiye niliyekuwa na wajukuu wa kuwaeleza. Fuimaga aliachwa na sifa nusu kinywani.

"Endelea, Fuimaga," sauti ya mume wangu ikasema kutoka chini. "Nakusikiliza. Bado sijakuachia."

Nikafumbua macho. Sasa ilikuwa zamu ya Fuimaga kutoa jasho. Kwetu mtoto akipita mbele ya mtu mzima aliyeketi anainama mpaka mgongo ulie. Huwezi kumsimamia mtu wa heshima juu ya utosi ukaongea naye, sembuse umwambie mtukufu na mwenye uwanja huku anakutazama magoti. Kila neno jema ambalo Fuimaga angelitoa akiwa amesimama lingekuwa ufidhuli, na wilaya nzima ilikuwa inangoja alitoe. Alitazama wageni. Alitazama shuka lake jeupe jipya. Alitazama nyasi.

Akaketi naye, kwa kishindo, akiguna. Sisi wa mbele tulimsikia akisema chini chini, "Umenishinda kwa makalio, Lauvao."

"Nimeyarithi," mume wangu akamjibu.

Wasemaji waliobaki wakatazamana wakaketi mmoja mmoja, wote wazee, kwenye nyasi zenye maji. Fa'atau ikaendelea pale chini kwa adabu zote, ila haikuchukua muda, kwani nyasi zilikuwa baridi na nguo zilikuwa za sikukuu. Fuimaga aliuachia uwanja kwa maneno mazuri kuliko yote niliyopata kumsikia akisema. Nampa haki yake.

Lauvao akahutubu ameketi. Sauti haikuwa ile ya kwenye magimbi. Ulikuwa ulimi mkavu, kila mara anangoja mate yamfikie, na katika kungoja huko watu wakaacha feni na kusogea mbele kwenye ukingo wa nyumba zao ili wasipitwe. Aliwataja wote, vijiji na visima na vilima. Hakuruka jina. Alisema pole pole, kama mtu anayetembea chini ya maji, na nikafikiri, sasa ninawasikia wale baba zake wadogo. Nililia mbele ya wageni wala sikujifuta.

Alipomaliza, ilibidi ainuke. Wageni hawawezi kujibu mpaka wenyeji warudi kwenye nyumba yao. Lauvao akaweka kiganja chini. Melipa, kutoka upande wetu, akainua mkono: bado. Akapiga goti moja, akangoja. Fuimaga alikuwa ameshanyanyuka nusu, tumbo mbele, akamwona mwenzake yuko gotini, akashuka tena kwenye maji bila kuambiwa. Wazee wengine nao wakashuka. Upande wa pili msemaji wa wageni alikuwa ameshika fimbo tayari, hajui kinachoendelea, watu wake wameanza kunong'ona.

Fuimaga akawageukia. Nyumba zetu hazina kuta, alikuwa ameshapata habari yote.

"Wageni wetu watukufu, tuvumilieni," akasema kwa kengele yake yote. "Shingoni mwa Lauvao wasemaji bado wanashindana. Ni wa Utumoa wale, hawaharakishwi."

Kicheko kikazunguka uwanja mzima kisha kikatulia, na watu wote wale, wachungaji na wakuu na wanakwaya, wakakaa kimya wakaingojea shingo ya mume wangu. Hakuna aliyemtangulia kuinuka. Akapandisha goti la pili. Akangoja. Akaegemea fimbo, akanyoosha mgongo, kipande kwa kipande, na mimi nikatazama midomo yake tu. Rangi ilikuwa inarudi. Alisimama wima, akapepesuka kidogo, akatulia, na nikajua kwamba siku ile sitakuwa mjane.